Aljebra ya Watu Wazima

Mtu amefariki akaacha watoto wawili wa kiume. Fedha taslimu iliyokutwa ni dirhamu kumi, na mmoja wa wana hao alikuwa amekopa kwa baba yake dirhamu kumi nyingine ambazo hajazilipa. Marehemu ameusia theluthi ya mali yake apewe mtu baki asiye mrithi. Kila mmoja apate nini? Swali hili limo katika kitabu alichoandika Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, kitabu ambacho ndicho kilicholipa somo la aljebra jina lake. Ugumu wa swali hauko kwenye ukubwa wa tarakimu. Deni la yule mwana litakatwa kwenye fungu lake la urithi. Lakini ili tulijue fungu lake, lazima kwanza tujue mali yote ni kiasi gani. Na ili tuijue mali yote, lazima tujue ni kiasi gani cha deni kitakachorudi, ambacho ndicho fungu lenyewe. Kila upande unausubiri mwingine. Mwenye ujuzi wa kujumlisha na kugawanya tu atakwama hapo, hata awe mwepesi namna gani.

Al-Khwarizmi anatoka kwenye mkwamo huo bila herufi wala alama yoyote. Fungu la mwana aliyekopa analiita kitu. Mali yote, basi, ni kumi na kitu. Theluthi inakwenda kwa aliyeusiwa, theluthi mbili zinabaki kwa ndugu wawili, kila mmoja theluthi yake. Kwa hiyo kitu ni sawa na theluthi ya kumi na kitu. Vitu vitatu ni sawa na kumi na kitu kimoja. Toa kitu kimoja kila upande, vitu viwili ni kumi, na kitu kimoja ni tano. (Nimezifupisha hatua zake, yeye anazipitia sehemu moja moja kwa subira kubwa.) Mali ni 15. Aliyeusiwa anachukua dirhamu tano taslimu, ndugu asiye na deni anachukua tano taslimu, na aliyekopa hapati kitu mkononi, ila tano zake zinapunguzwa kwenye deni. Katika dibaji mwandishi anaeleza kitabu ni cha nani: wenye kugawa mirathi na kutekeleza wasia, wenye kesi, wafanyabiashara, wapima ardhi, wachimba mifereji. Watoto wanaonekana humo kama warithi tu, si kama wanafunzi.

Naanza na ukurasa huo kwa sababu siku hizi aljebra inahesabiwa kuwa mali ya vijana wa miaka kumi na nne, na mtu mzima anayerudi shule huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba anaingia katika chumba ambacho si chake. Ninaloshikilia ni kinyume cha hilo. Somo hili lilitungwa na watu wazima kwa ajili ya shughuli za watu wazima, na kinachowashinda wengi wanaolirudia si umri wao. Kinachowashinda ni kupewa alama kabla ya swali, na kupewa swali katika lugha ambayo bado wanapigana nayo. Kama hoja hii ni sahihi, kuna mambo ya kubadilisha katika namna tunavyowafundisha, na hayahitaji majengo mapya wala fedha nyingi.

Wanaorudi ni kina nani? Kwa Tanzania jibu liko katika historia ya nafasi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisukuma elimu ya msingi kwa wote, shule za msingi zikajaa, lakini sekondari zilibaki chache kwa miongo mitatu, hadi shule za kata zilipoenea kuanzia mwaka 2004. Kizazi kizima kiliishia darasa la saba si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa dawati. Wapo wasichana walioondolewa shuleni kwa ujauzito, ambao tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi, wengine wakipitia njia mbadala. Wapo walioanguka mtihani wa kidato cha nne na sasa wanarisiti. Wengi hupitia Mtihani wa Maarifa, ule ambao kila mtu mtaani anauita QT, kisha wanafanya kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, wakisoma jioni baada ya kazi. Kenya ilimwona Kimani Maruge akianza darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na dunia nzima ikampigia makofi. Makofi yale alistahili. Lakini mama wa miaka 38 anayefungua daftari la Hisabati saa mbili usiku hapigiwi makofi na mtu, ingawa anachokabiliana nacho ni kigumu zaidi ya a, e, i, o, u.

Pingamizi la kwanza ni la umri, nalo husemwa kwa upole: akili ya mtu mzima imeshakauka. Ushahidi hauungi mkono kauli hiyo. Mwaka 1956 K. Warner Schaie alianza kuwapima watu wazima wa eneo la Seattle, Marekani, na akaendelea kuwapima watu haohao kwa miongo mingi. Kilichoshuka mapema ni kasi. Uwezo wa kufikiri kwa kuona ruwaza na kutoa kanuni kutoka kwenye mifano, ambao ndio hasa aljebra inaouomba, ulishikilia hadi umri wa makamo, kwa wengi ukafikia kilele humo humo. Basi mtu mzima ni mpole wa kasi, si mpungufu wa hoja. Mtihani unaohesabu dakika utamwonea, ndiyo, lakini hilo ni neno juu ya mtihani. Kuna kingine kinachochanganywa na uzee, nacho ni hofu. Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha mwaka 2001 kwamba wasiwasi wa hisabati huila ile sehemu ya kumbukumbu tunayoitumia kushika mambo mawili matatu kwa wakati mmoja wakati wa kukokotoa. Aliyechapwa viboko kwa sababu ya jedwali la saba miaka ishirini iliyopita anaingia darasani akiwa na mzigo huo, na mwalimu anayemwona akisita mbele ya ubao hudhani ameona ubongo mzito.

Ushahidi mwingine unatoka Recife, Brazil, ambako Terezinha Nunes Carraher na wenzake waliwafuata watoto watano waliokuwa wakisaidia kuuza bidhaa mitaani. Walipoulizwa bei na chenji kwenye biashara zao, walipata takriban asilimia 98 ya majibu. Walipopewa hesabu zilezile zikiwa zimeandikwa utupu karatasini, walipata kama asilimia 37. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya madafu kumi kwa cruzeiro 35 moja. Hakuongeza sufuri kama anavyofundisha mwalimu. Alichukua bei ya matatu, 105, aliyokuwa ameizoea, akaongeza matatu mengine, akapata 210, akaendelea hivyo hadi 350. Msomaji makini atasema: wale walikuwa watoto, na ile ni hesabu ya kuzidisha, haina aljebra. Ni kweli, na sitaki utafiti ule ubebe zaidi ya uwezo wake. Unachothibitisha ni kimoja, lakini kikubwa: mtu yuleyule, siku zilezile, anaweza kuwa mjuzi mbele ya jambo na mjinga mbele ya maandishi ya jambo hilo. Tukimpima mtu mzima kwa maandishi peke yake, hatujui bado tumepima nini.

Tukaribie sasa penye ugumu wenyewe, maana upo, na kuukana ni kumdanganya mwanafunzi. Wa kwanza ni alama ya sawasawa. Shule ya msingi humfundisha mtu kwamba alama hiyo maana yake ni "toa jibu." Watafiti wa Marekani wamekuwa wakiwapa wanafunzi swali hili: 8 + 4 = □ + 5. Wengi huandika 12 kwenye kisanduku, wengine 17. Wachache ndio huandika 7. Anayeandika 12 hakukosea kujumlisha. Amesoma alama kama amri, wakati aljebra inaisoma kama kauli: upande huu na upande ule ni thamani moja. Mtu mzima ameishi na maana ya amri kwa miaka ishirini, na kikokotoo cha simu kimeikaza zaidi, kwa kuwa humo kitufe hicho kweli ni amri. Mwalimu akiandika 3x + 4 = x + 10 bila kwanza kuing'oa maana ile, mwanafunzi anatafuta jibu upande wa kulia, anakuta upande huo nao umejaa maswali, anafunga daftari. Hapa walimu wetu huleta mizani ya dukani, na wanafanya vizuri: ukitoa kilo huku, toa na kule. Mizani hiyo inafika mbali, ila haifiki penye namba hasi, kwani hakuna mzigo wenye uzito wa kilo hasi tatu.

Ugumu wa pili ni herufi. Vitabu vingi na walimu wengi huanza kwa kusema e ni embe, kwa hiyo 3e ni maembe matatu, na 3e + 2e ni maembe matano. Inaonekana ni huruma kwa anayeanza. Kwa kweli ni mtego. Herufi katika aljebra haisimamii embe, inasimamia idadi: bei ya embe, au hesabu ya maembe yaliyomo kapuni. Tofauti hii si ya kupenda kuchambua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Clement na wenzake waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi katika chuo kikuu cha Marekani sentensi nyepesi: chuoni hapa wanafunzi ni mara sita ya maprofesa, andikeni mlinganyo. Zaidi ya theluthi walikosea, na wengi wao waliandika 6W = P, kana kwamba W ni neno "mwanafunzi" na wala si idadi ya wanafunzi. Mlinganyo ulio sahihi ni W = 6P, kwa kuwa ni maprofesa wachache ndio wa kuzidishwa ili wafikie wanafunzi wengi. Mama anayesoma QT Mbagala akikosea hapo, amekosea pamoja na wahandisi watarajiwa, vijana, waliosoma bila kukatisha. Kosa hilo halina umri.

Wa tatu ni zile namba hasi, na hapa ningependa kila anayerudi shule aambiwe ukweli wa historia mapema, kwa sababu unaondoa aibu. Brahmagupta wa India aliandika kanuni zake mwaka 628, akizieleza kama mali na madeni. Ulaya zilipofika zilisumbua mno: mwaka 1758, zaidi ya miaka 1,100 baadaye, mwanahisabati wa Uingereza Francis Maseres alichapisha kitabu kizima akilalamika kwamba namba hizi zimeitia giza aljebra. Watu wa kariba hiyo walisumbuka, na sisi tunampa mwanafunzi kanuni ya "hasi kwa hasi ni chanya" kwa sentensi moja na kuendelea. Mtu mzima ana njia iliyo karibu zaidi, ile ya Brahmagupta. Anajua kudaiwa. Mwenye madeni matatu ya shilingi 5,000 kila moja ana hasi 15,000. Akifutiwa madeni hayo matatu, yaani yakiondolewa, hali yake imepanda kwa 15,000. Kuondoa mara tatu kitu ambacho ni hasi kumemwongezea. Kijana wa kidato cha kwanza huikariri kanuni hiyo. Aliyewahi kufutiwa deni anaielewa mara moja.

Hapo linakuja pingamizi ambalo nalipa heshima kubwa kuliko lile la ubongo: hata akiielewa, itamfaa nini? Ana simu yenye kikokotoo, na maisha yake hayajawahi kumuuliza x ni ngapi. Tuchukue kikoba. Mwanachama anakopa shilingi 600,000 kwa miezi sita, riba asilimia tano kwa mwezi, akirudisha 100,000 ya mkopo kila mwezi. Vikundi vingine hutoza riba juu ya mkopo wa awali mwezi hadi mwezi: 30,000 mara sita, jumla 180,000. Vingine hutoza juu ya kilichobaki: 30,000, kisha 25,000, kisha 20,000, hadi 5,000 ya mwezi wa mwisho, jumla 105,000. Asilimia iliyotamkwa kwenye kikao ni ileile tano, na tofauti ni 75,000. Kikokotoo kinaweza kutoa hesabu hizo mbili, ni kweli. Lakini kinazitoa kwa mkopo huu mmoja. Mweka hazina akiandika mkopo kuwa M, riba ya mwezi kuwa r na miezi kuwa n, njia ya kwanza inamtoza mkopaji rMn, ya pili rM(n + 1)/2. Akigawanya ya kwanza kwa ya pili, r na M zote zinakatika, inabaki 2n/(n + 1). Tazama kilichotokea: kiasi cha mkopo kimetoweka, asilimia ya riba imetoweka. Imebaki miezi peke yake. Kwa miezi sita njia ya kwanza ni ghali mara 1.7 hivi, kwa mwaka mmoja mara 1.85, na kadiri muda unavyorefuka inakaribia mara mbili bila kuifikia. Sasa mwanachama huyo anajua jambo kuhusu kila mkopo wa aina hiyo utakaotolewa, katika kikoba chochote, hata ule ambao haujaombwa bado. Hilo kikokotoo hakilitoi, kwa sababu hakiwezi kuulizwa swali lisilo na tarakimu. Na katika kikao ambacho katiba ya kikundi inajadiliwa, mwenye kujua hilo na asiyejua hawana sauti moja.

Sitadai kwamba kila mada ya muhtasari ina faida ya namna hiyo. Kuna mazoezi ya kurahisisha mitajo mirefu ambayo hayamwambii mtu yeyote lolote, na kama yangepunguzwa kwa wanaosoma jioni nisingelia. Lakini kuwaondolea aljebra yote kwa kisingizio cha kuwahurumia, kama wengine wanavyopendekeza kila matokeo ya Hisabati yanapotoka vibaya, ni kuwafungia mlango huohuo kwa mara ya pili.

Nimeliacha suala la lugha hadi hapa kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Aliyemaliza shule ya msingi ya serikali alisoma Hisabati kwa Kiswahili; milinganyo ya kwanza aliiona akiwa darasani huko, kwa maneno anayoyaelewa. QT inamtaka aisome kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wameiacha tangu darasa la saba. Matokeo yake, swali la maneno, lile ambalo lingekuwa rafiki wa mtu mzima kwa kuwa linahusu bei na umri na mgawanyo, ndilo linakuwa adui. Anaelekezwa na wenzake aruke maswali ya maneno, ayakimbilie yenye x tayari. Yaani anajifunza kukimbia mahali ambapo nguvu yake iko.

Nitajibiwa kwamba mtihani uko kwa Kiingereza na kwa alama, muda ni miaka miwili, saa ni chache, na mwalimu anayekawia kwenye maneno ya Kiswahili anawapeleka wanafunzi wake kufeli. Naelewa woga huo. Mtihani ndio unaotoa cheti, na cheti ndicho kinachotafutwa. Lakini tuangalie muda ulivyotumika na wenyewe waliolitunga somo. Al-Khwarizmi alifanya aljebra yote kwa sentensi. Alama ya sawasawa ilichapishwa na Robert Recorde mwaka 1557. Desturi ya kuandika visivyojulikana kwa x, y na z ilienea baada ya kitabu cha Descartes cha mwaka 1637. Kwa miaka 800 watu wenye akili nyingi walifikiri kwanza kwa lugha zao, na ufupisho ukaja kuwapunguzia kazi ambayo tayari waliijua. Hakuna anayemtaka mwanafunzi wa jioni asubiri karne. Wiki nne au tano za mwanzo zingetosha: maswali ya mirathi, ya kikoba, ya nauli na mafuta ya bodaboda, yakisemwa na kutatuliwa kwa Kiswahili kwa sauti, kisha sentensi ileile ikiandikwa chini yake kwa herufi, kisha chini yake tena kwa Kiingereza cha mtihani, mistari mitatu ikitazamana kwenye ukurasa mmoja. Muda huo haupotei, kwa sababu anayejua mstari wa juu unasema nini ana pa kurudi anapopotea katika wa chini. Walimu wa elimu ya watu wazima nchini walishafanya mambo magumu kuliko haya. Mwaka 1973, kwa vitabu vyepesi na redio, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia mamilioni ya wanavijiji katika vikundi vya kusoma. Waliketi chini ya miembe, wakasoma kwa lugha yao juu ya maji na malaria, kisha wakachimba vyoo.